Mianzi imevuka fensi, imefika kwenye sukuma ya jirani

SWALI: Shikamoo anti. Niko Njiro, Arusha. Tulipanda ile mianzi myembamba ya njano pembeni ya fensi ili watu wa barabarani wasituone ndani, saivi inachomoza mpaka katikati ya pevingi na kwa jirani imeingia kwenye sukuma, kanuna hatusalimiani vizuri. Mwezi wa pili kijana wa bustani aliikata yote chini kabisa, masika ilivyoanza ikatoka mingi kuliko ya mwanzo. Wengine wananiambia nimwage oili chafu au chumvi, wengine nichome moto. Nifanyeje? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba Mama Wawili, pole. Oili chafu na chumvi achana nayo, utaharibu udongo hapo hata mchicha usiote. Na moto ndo usithubutu, mwanzi una uwazi ndani na kila pingili imejifunga, ukishika moto hewa inatanuka unapasuka kwa kishindo, vipande vinaruka hovyo na nyie mna watoto.

Huo wenu ni mwanzi wa kutembea, sio kama ile minene inayokaa fungu moja. Chimba kidogo utaona kitu kama mzizi mnene wenye pingili kimelala, mara nyingi hakizidi futi moja au mbili kwenda chini, na kila pingili ina jicho la kuchipua. Akiba ya chakula iko humo, kwa hiyo kijana alikata juu tu, mvua ikaja akiba ikafanya kazi yake.

Subiri udongo ulowe, chukua sururu na panga, fuata huo mzizi mpaka unakoishia, ng'oa, na usiutupe korongoni maana utaota huko huko. Vipande vitabaki tu, havikosi. Hapo sasa ndo kazi yenyewe, kila kichipukizi kikitokeza kikate kikiwa bado kidogo kabla hakijatoa majani, kwa sababu kinakuwa kimekula akiba na hakijarudisha kitu. Ukisafiri wiki chache tu utakuta kimeshakupita urefu. Hesabu miaka miwili mitatu hivi, na anayekuahidi wiki moja anataka hela yako tu.

Dawa ya magugu yenye glaifoseti inasaidia, ila paka kwa brashi kwenye kisiki muda huo huo ukishakata, vaa glavu, usipulizie karibu na sukuma za watu.

Halafu nenda kaongee na jirani, mzizi ni mmoja pande zote mbili, ukikata kwako yeye akaacha unalishwa kutokea kwake. Mpelekee kijana wako akachimbe na kule, gharama juu yako, mianzi ni yenu.

Kama bado mnataka kubakisha kidogo pale mbele, chimba mtaro wa futi mbili na nusu, simamisha plastiki ngumu kuzunguka na juu ibaki imechomoza kidogo, mzizi ukitaka kuruka uuone uukate.