Kompyuta Mbovu: Muuzaji Anaponielekeza kwa Mtengenezaji

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Nansio, Ukerewe. Miezi minne iliyopita nilinunua kompyuta mpakato mpya katika duka moja mjini Mwanza, nikapewa risiti na waranti ya mwaka mmoja. Sasa inajizima yenyewe hata ikiwa kwenye chaji. Nimevuka ziwa mara mbili: mara ya kwanza walikaa nayo wiki nzima wakanirudishia ikiwa vilevile, na mara ya pili wakaniambia niwatafute walioitengeneza, kwa kuwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, Mwalimu, kwa nauli na muda uliopotea. Rudi dukani hapohapo, ila safari hii nenda na barua. Uliyemlipa ndiye uliyeingia naye mkataba, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamtaka akuuzie kitu chenye ubora unaostahili na kinachofaa kwa kazi yake. Maneno “bidhaa ikishauzwa hairudishwi”, hata yakichapwa chini ya risiti, hayamwondolei wajibu huo. Sheria hiyohiyo inamgusa pia mtengenezaji, lakini hilo halimpi muuzaji ruhusa ya kukurusha huku na kule.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Taja tarehe ya kununua, namba ya risiti ya EFD (ile ya kielektroniki ya kodi), namba ya mashine yako, yaani kompyuta yenyewe, iliyo kwenye kibandiko cha chini (ilinganishe na ile ya kwenye boksi), siku ulizokwenda na ulichojibiwa, kisha useme wazi unataka itengenezwe, ibadilishwe au urudishiwe fedha, na ndani ya siku ngapi. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa duka. Bila nakala hiyo, kila safari yako huhesabiwa kuwa ya kwanza, na hilo linaniuma kwa sababu ndipo haki za wengi zinapopotelea.

Usimpe fundi wa mtaani aifungue, hata akiwa hodari: kibandiko kilicho juu ya skrubu kikichanika, watasema umeiharibu mwenyewe. Ukiiacha dukani, hamishia kazi zako kwenye flashi kwanza, na udai hati ya mapokezi inayoeleza hali yake.

Wakati huohuo ingiza namba ya mashine kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kampuni nyingi huonyesha hapo waranti inakwisha lini. Ikiwa siku zimeanza kuhesabiwa kabla hujanunua, watumie nakala ya risiti uombe zirekebishwe. Na ikiwa mashine ilikusudiwa soko la nchi nyingine, wakala wa hapa anaweza kuikataa, nawe una hoja nzito zaidi dhidi ya aliyekuuzia.

Siku ulizompa zikipita kimya, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani, inayosimamia sheria hiyo na ambayo ina ofisi Mwanza. Fedha yako unaweza pia kuidai mahakamani.

Kabla hujapanda meli, ipige video inavyojizima, saa ya ukutani ikionekana, kwa maana mashine ya namna hii inaweza kufika kaunta ikawaka vizuri kabisa.