Kutoka kamera ya habari hadi shirika la misaada

Msomaji mmoja, mtangazaji wa televisheni, anauliza kama miaka yake ya habari inatosha kumpa kazi kwenye shirika la misaada. Inatosha nusu.

Wengi humtaja Mohamed Amin, Mkenya aliyepiga picha za njaa ya Korem, Ethiopia, zilizorushwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984, michango ikamiminika. Sawa. Ila anayekuajiri leo anataka mtu anayejua kinachotakiwa malori yakishafika.

Anza na vipimo. Viwango vya Sphere, vigezo vya kimataifa vya misaada ya dharura, vinataka angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, bomba moja kwa watu wasiozidi 250, choo kimoja kwa watu 20. Ukivijua, kambini huulizi "hali ikoje?" Unahesabu ndoo. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko wa mkono wa juu ukiwa chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali. Kuanzia hapo hadi chini ya 125 ni wa kati. Piga picha ya utepe wa kupimia ulipoishia kwenye mkono, mbavu ziache.

Neno linalowaponza watangazaji ni "baa la njaa". Kwa vigezo vya IPC, mfumo wa kimataifa wa kupima uhaba wa chakula, linahitaji angalau kaya 20% zikose chakula kupindukia, watoto 30% wawe na utapiamlo mkali au wa kati, na watu 2 kati ya 10,000 wafe kila siku. Ukilirusha mapema, wataalamu watakukana hewani.

Ridhaa ndiyo hukwamisha picha nyingi. Usiiombe kwenye foleni ya unga: mwenye njaa hawezi kukukatalia mbele ya anayegawa. Ngoja apokee, asogee pembeni, umweleze kwa lugha yake kwamba picha itafika hadi kwenye simu za watu wa kwao. Kwa mtoto, mzazi akubali na mtoto naye. Aliyebakwa usimfiche uso tu. Kanga na sauti yake majirani wanazijua.

Kwenye maombi ya kazi, dakika tatu za wewe ukitembea mbele ya kamera hazisaidii (na kila mtu anazo). Peleka ripoti moja yenye kipimo, chanzo chake na mkimbizi anayejieleza mwenyewe.

Kibali cha kuingia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, hutoka Wizara ya Mambo ya Ndani, cha Kakuma, Kenya, kwa idara ya wakimbizi. Omba mapema, orodhesha kila kifaa na namba yake. Droni ina kibali chake peke yake.