Halloween na Mbwa: Aje Matembezini, Mlangoni Asifike

Oktoba ikielekea ukingoni, Waswahili wenzangu wa hapa Des Moines, Iowa, hasa wale walioanza kufuga mbwa baada ya kuhamia Marekani, huniuliza: watoto wakitoka kuomba pipi nyumba kwa nyumba, na mbwa naye twende naye? Twende naye, kama si mwoga wa kelele na kama yupo mtu mzima ambaye kazi yake jioni ile ni mbwa tu. Kama uko peke yako na watoto wawili waliovaa mabawa ya popo, mbwa abaki nyumbani. Na kamba asishike mtoto, hata awe amekuzidi kimo.

Nina sharti moja nisilolilegeza: mbwa hapandi ngazi za mtu. Mlango hufunguliwa ghafla, mwenye nyumba amevaa sura ya zimwi na anainama kumpapasa, watoto saba wamebanana kibarazani, na nyuma ya miguu ya mwenyeji kuna mbwa wake anayetafuta upenyo wa kutoka. Kwa hiyo mke wangu hupanda na watoto, mimi na mbwa wangu Bosi tunangoja chini kando ya njia. Hapa mjini kungoja kwenyewe kuna urefu, maana desturi ya Beggars' Night, yaani usiku wa watoto kuomba pipi, ni kwamba mtoto atoe kichekesho kwanza ndipo apewe pipi, na kuna vichekesho vinavyosahaulika katikati.

Ukingoja hapo, sogea pembeni kabisa wengine wapite. Watoto wengi wa kwetu wanamjua mbwa kama yule mkali anayefunguliwa usiku getini. Wapo pia majirani Waislamu ambao hawataki mate ya mbwa yaguse nguo zao. Fupisha kamba kabla hawajafika, usisubiri kuombwa. Ile "msiogope, huyu haumi" haijawahi kumtuliza mtu.

Kamba yenyewe iwe ya kawaida, mita moja na nusu hivi. Zile zinazojivuta na kujikunja ndani ya kishikio ziache nyumbani, kwa sababu gizani watoto hawazioni na hujikwaa. Mbwa akishtuka hurudi kinyumenyume, na mkanda wa shingoni ukiwa umelegea unampita kichwani, huyo kashapotea. Mimi humvalisha mkanda wa kifuani, nikaubana mpaka vidole viwili tu vipite chini yake. Shingoni anabaki na kibati chenye namba yangu ya simu. Kama amewekewa chipu chini ya ngozi, hakikisha namba iliyosajiliwa ndiyo unayotumia sasa. Sisi tunaohamahama nyumba za kupanga tunalisahau sana hilo. Juu yake kizibao kinachoakisi mwanga, kama cha bodaboda, maana mwishoni mwa Oktoba jua huku huzama muda mfupi tu baada ya saa kumi na mbili jioni.

Mavazi ya mbwa sina hamu nayo. Ukitaka kumvisha, vazi lisifunike macho, masikio wala mdomo, na mvalishe kwa majaribio siku kadhaa kabla. Akipiga miayo bila usingizi, akijilambalamba pua, akifyata mkia au akigeuza macho mpaka weupe uonekane, amechoka na mambo yako. Mvue, mrudishe nyumbani. Bosi hurudi mapema hata akiwa anafurahia.

Kinachomtisha zaidi, kwa niliyoyaona, ni yale madude ya kupulizwa kwa feni yanayosimama bustanini, yanayumba na kuvuma. Basi wiki ile ya mwisho tunapita mtaa huohuo jioni, mbali kidogo kwanza, kisha karibu, na kipande cha kuku mfukoni.

Sasa pipi. Hapa ndipo usiwe na huruma. Chokoleti ina theobromini, kemikali ya kakao ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole mno. Kwa mbwa wa kilo 10, chokoleti ya maziwa kama gramu 100 inatosha kumletea kutapika na kuhangaika. Ile nyeusi, kiasi kidogo zaidi. Bigijii na pipi zisizo na sukari zenye ksilitoli, kitamu kinachotumika badala ya sukari, ni mbaya kuliko hiyo: sukari ya damu yaweza kushuka ndani ya nusu saa, na ini likaharibika. Zabibu kavu huua figo, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Akimeza chochote, chukua karatasi ya pipi usome kilichomo, mpigie daktari wa mifugo au kituo cha sumu cha ASPCA, shirika la Marekani la kutetea wanyama, 888-426-4435, saa 24; huenda wakakutoza ada. Usimtapishe kwa kubahatisha.

Ndoo za watoto zikae juu ya friji, si mezani. Na matembezi ya asubuhi inayofuata yana hatari kuliko usiku wenyewe: njia nzima imejaa pipi zilizodondoka, vijiti na makaratasi, nawe una usingizi na simu mkononi. Weka simu mfukoni, kamba fupi, na "acha!" iwe karibu mdomoni kwa siku tatu nne.