Sarafu ya kumbukumbu au sarafu ya ukumbusho?

SWALI: Mwalimu, mimi ni mfasiri wa habari. Hivi karibuni niliandika sentensi ifuatayo: "Marekani imetoa sarafu ya kumbukumbu kumuenzi mshairi mwanzilishi wa Kimarekani Mweusi, Maya Angelou." Mhariri wangu alifuta "kumbukumbu" akaandika "ukumbusho", akafuta "imetoa" akaandika "imefua", na neno "mwanzilishi" akalizungushia duara jekundu bila kunieleza kosa lake. Ni nani kati yetu aliye sahihi?

JIBU: Mhariri wako ana hoja nzuri katika neno la kwanza, amepitiliza katika la pili, na katika la tatu ameona kosa la kweli ambalo alipaswa kukueleza. Hata hivyo, kilichonisimamisha mimi ni neno ambalo ninyi wawili mmelipita bila kulitazama, nalo ni sarafu.

Neno hili lilitujia kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake unahusiana na kubadilisha fedha, na katika Kiswahili cha leo lina kazi mbili. Kwa muuza duka, sarafu ni kipande cha madini kilichoandikwa thamani yake, tofauti na noti. Kwa mwandishi wa habari za uchumi, sarafu ni fedha yote ya nchi, ndiyo maana tunasoma kwamba sarafu ya nchi fulani imeshuka thamani, au kwamba watu wanauziana sarafu za kidijitali ambazo hakuna aliyewahi kuzishika mkononi. Kwa hiyo msomaji anayekutana na maneno "Marekani imetoa sarafu" hana hatia akidhani, japo kwa nukta moja, kwamba dola imepata mrithi. Njia rahisi ya kumwondolea shaka ni kutaja thamani: sarafu ya senti 25, au robo dola. Kuita kipande cha fedha kwa sehemu yake si jambo geni kwetu. Thumuni, ambayo kwa asili yake ya Kiarabu ni sehemu ya nane, imebaki kuwa jina la senti 50 katika vinywa vya wengi, ingawa senti 50 ni nusu ya shilingi wala si thumuni yake.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu na ukumbusho. Maneno haya ni ndugu, lakini hayakuzaliwa na kitenzi kimoja. Kumbukumbu inatokana na kumbuka, na ni kile kinachobaki akilini au katika maandishi baada ya jambo kupita; ndiyo maana katibu wa mkutano huandika kumbukumbu, na mtu aliyeugua huweza kupoteza kumbukumbu. Ukumbusho unatokana na kumbusha, kitenzi chenye kiambishi cha kusababisha, na ni kile kinachomfanya mtu mwingine akumbuke. Wafasiri wa Biblia ya Union waliihisi tofauti hiyo pale walipoandika "fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu", kwa kuwa tendo linaloagizwa pale lina kazi ya kuamsha kumbukumbu katika mioyo ya wanaolitenda. Sarafu nayo hufanya kazi hiyo hiyo: haikumbuki chochote, bali humkumbusha aliyeishika. Kwa mantiki ya uundaji wa maneno, basi, sarafu ya ukumbusho ndiyo inayosimama vizuri zaidi, na mimi ningeandika hivyo. Lakini sitakubali uambiwe kwamba umekosea, kwa sababu matumizi yamekwisha kulipanua neno kumbukumbu hadi likafika kwenye minara, siku na mihadhara, na msikilizaji wa sarafu ya kumbukumbu haelewi kitu kingine. Isitoshe, ukumbusho nao una udhaifu wake: mtu aliyewahi kupokea barua ya ukumbusho kutoka kwa mdai wake hawezi kulisikia neno hili bila kushtuka kidogo. Kuhusu kumbukizi, ambalo limeshika kasi Tanzania, liachie siku na hafla, kama vile kumbukizi ya kifo cha kiongozi, kwa maana sijaona linapopendeza likivikwa kitu cha kushikika.

Kuna swali ambalo mngelijibu kabla ya kubishana kuhusu kivumishi: je, sarafu hii yenyewe ni ya ukumbusho? Katika utaratibu wa Marekani, sarafu zinazoitwa za ukumbusho huidhinishwa na Bunge kwa sheria mahususi, nazo ni fedha halali, lakini hazitengenezwi ili zizunguke sokoni. Huuzwa kwa wakusanyaji kwa bei inayozidi thamani iliyoandikwa, na sehemu ya ziada hiyo hupewa taasisi iliyotajwa na sheria. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2024 kwa Harriet Tubman, mwanamke mweusi aliyewatorosha watumwa hadi kwenye uhuru, ambaye alipata sarafu ya dhahabu ya dola 5, ya fedha ya dola 1 na nyingine ya nusu dola. Robo dola ya Maya Angelou ni habari tofauti. Ilitokana na sheria iliyotiwa saini Januari 2021, iliyoruhusu wanawake wasiozidi watano kwa mwaka, wote wakiwa wamekwisha kufariki, kuwekwa upande wa nyuma wa robo dola kuanzia 2022 hadi 2025, na Angelou ndiye aliyefungua mfululizo huo. Sarafu yake ni ya matumizi ya kila siku. Mtu anaweza kununua chai akarudishiwa Maya Angelou katika chenji, jambo ambalo haliwezi kumpata kwa urahisi na dhahabu ya Tubman.

Je, Kiswahili kinalazimika kufuata mpaka huo wa kisheria? Hapana. Mwaka 2003 Kenya ilitoa sarafu ya shilingi 40 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, watu wakaitumia madukani, na hakuna aliyeona kwamba kuzunguka kwake kuliivua sifa ya ukumbusho. Katika mazungumzo, basi, iite robo dola ya Angelou sarafu ya ukumbusho bila hofu. Katika habari inayozitaja sarafu za aina zote mbili, au katika maandishi ya wakusanyaji wa sarafu, ni lazima uwe mwangalifu zaidi, na ningependekeza "sarafu ya mzunguko yenye taswira ya Maya Angelou" dhidi ya "sarafu za ukumbusho za Harriet Tubman". Nimechagua taswira makusudi, wala si sura, kwa kuwa mchoro haukuishia usoni: unamwonyesha mshairi ameinua mikono, nyuma yake kuna ndege anayeruka na jua linalochomoza. Uso unaotawala upande wa mbele ni wa George Washington, kwa hiyo "sarafu yenye sura ya Maya Angelou" inaweza kumpotosha anayeigeuza.

Kuhusu imetoa na imefua, mhariri amelipenda neno zuri akaliweka mahali pasipolihitaji. Kufua ni kazi ya mhunzi na sonara. Twafua chuma, twafua dhahabu, na kwa kuwa sarafu hupigwa chapa kwenye madini, kitenzi hiki kinaifaa kazi ya kiwandani. Robo dola za mzunguko za Angelou zilifuliwa Philadelphia na Denver, katika viwanda vya sarafu vya serikali vilivyo chini ya Wizara ya Fedha. Sentensi yako, hata hivyo, haikuhusu kazi ya kiwandani. Ilihusu uamuzi wa nchi kuiweka sarafu hiyo mikononi mwa watu, na kwa hilo kutoa kunatosha. Tahadhari yangu ni moja tu: kutoa pia ni kuondoa, na mtu anayesoma kwamba benki "imetoa sarafu katika mzunguko" hana njia ya kujua kama zimeingia au zimetoka. Maneno katika mzunguko yakiwepo, andika kuingiza kwa upande mmoja na kuondoa kwa upande wa pili. Januari 2022, kwa mfano, serikali ya Marekani ilianza kusambaza robo dola ya Angelou, na kitenzi kusambaza hakiachi shaka yoyote.

Kumuenzi umelitumia vyema, kwa kuwa kuenzi ni kumpa mtu hadhi na kuendelea kuitunza hadhi hiyo, na huzidi kuheshimu kwa uzito. Kanuni ya sauti ingetupa kumwenzi, kama tunavyosema kumwona na kumwita, lakini magazeti yamezoea kumuenzi kiasi kwamba sioni faida ya kulipigania. Ninachokuomba ni usije ukabadilisha ukaandika "kumuadhimisha Maya Angelou". Tunachoadhimisha ni siku, mwaka au tukio, kama ule uhuru wa Kenya niliotaja. Mtu hatumwadhimishi, ila siku yake ya kuzaliwa au maisha yake.

Sasa lile duara jekundu. Mwanzilishi ni aliyeanzisha kitu, na kitu hicho huwa kinatajika: mwanzilishi wa chama, mwanzilishi wa shule. Ukimwita Angelou mshairi mwanzilishi, msomaji atauliza alianzisha nini, na jibu la haraka litakuwa ushairi wa Wamarekani Weusi, jambo lisilo kweli. Phillis Wheatley, aliyetekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto na kufikishwa Boston mwaka 1761 kama mtumwa, alichapisha kitabu cha mashairi London mwaka 1773, zaidi ya miaka 150 kabla ya Angelou kuzaliwa St. Louis mwaka 1928. Hata Wheatley ningesita kumwita mwanzilishi. Yeye ni mtangulizi, yaani mtu aliyepita njia kabla ya wengine, na neno hilo ndilo linaloelekea zaidi kile ulichokusudia. Ila mtangulizi nalo ni pana, na mwandishi wa habari mwenye ukweli mkononi hana sababu ya kujificha nyuma ya sifa ya jumla. Sema alitangulia katika nini. Mwaka 1993, katika kuapishwa kwa Rais Bill Clinton, Angelou alisoma shairi lake, akawa mwanamke wa kwanza na mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo katika hafla ya kumwapisha rais wa Marekani.

Na hapa "wa kwanza" nalo linataka mizani, kwa kuwa nafasi yake katika sentensi ndiyo inayoamua ukweli wake. "Mwanamke mweusi wa kwanza kuonekana kwenye robo dola" ni sahihi. "Mtu mweusi wa kwanza kuonekana kwenye sarafu ya Marekani" si sahihi, kwa sababu Booker T. Washington, mwanaelimu mweusi, aliwekwa kwenye nusu dola ya ukumbusho mwaka 1946. Ukiacha neno mwanamke au neno robo lidondoke katika tafsiri, umekwisha kuandika historia mpya.

Limebaki fungu la "wa Kimarekani Mweusi", ambalo halikuguswa na kalamu ya mhariri, nami nashangaa. Ki- huonyesha namna au mtindo, kama vyakula vya Kimarekani. Mtu ni Mmarekani. Andika Mmarekani Mweusi, au Mmarekani mwenye asili ya Afrika katika utajo wa kwanza kisha ufupishe, na uepuke kuunganisha majina mawili ya mataifa kwa kistari, kwani kistari hicho si cha Kiswahili. Utakayemwita malenga badala ya mshairi, hakikisha anatunga kwa vina na mizani, maana sikio la Kiswahili likisikia malenga hulitarajia hilo, na tungo nyingi za Angelou ni huru.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Mwaka 2022 Marekani ilianza kusambaza robo dola ya kumuenzi Maya Angelou, mshairi Mmarekani mwenye asili ya Afrika aliyefariki mwaka 2014, na hivyo akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuonekana kwenye sarafu hiyo." Neno ukumbusho halimo, wala kumbukumbu.