Filamu za kamera hapa Dar: agiza kwa msafiri, safisha mwenyewe

Ndugu yangu, umeuliza utapata wapi mikanda ya milimita 35 na dawa za kusafishia picha hapa Dar. Mimi niliacha kuzunguka madukani baada ya kuuziwa mkanda uliokwisha muda zamani na kukaa kabatini kwenye joto. Picha zote zilitoka na ukungu, na zilikuwa za harusi ya dada yangu.

Siku hizi namwagiza anayetoka Uingereza aniletee Ilford HP5 Plus, maana nyeusi na nyeupe unaisafisha nyumbani. Aibebe mkononi, asiiweke kwenye begi la kupakiwa, na aombe ikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za CT, zile za eksirei za kukagua mizigo kwenye viwanja vya ndege, zinaharibu filamu. Ikifika, weka kwenye friji.

Dawa ya kutoa picha kwenye mkanda agiza ya unga, kama D-76. Ukikosa kabisa, kahawa ya kuyeyuka, sodiamu kaboneti na vitamini C hutoa picha, nimejaribu. Ila fiksa, dawa ya kuzuia picha isiendelee kuathiriwa na mwanga, sijaona mbadala wake jikoni, hiyo agiza mapema. Na maji yetu ya bomba ni ya moto mno kwa D-76: tumbukiza chupa ya barafu mpaka yashuke hadi nyuzi 20 za Selsiasi.