RSS: tuuzime mlisho au tuuache?

Kaka, nasimamia tovuti ya habari hapa Sinza. Bosi anataka tuuzime mlisho wa RSS, lile faili linalopeleka habari mpya kwenye programu za wasomaji, kwa kuwa takwimu zinaonyesha hakuna anayeufungua. Nimjibu nini?

Takwimu hizo hazimwoni msomaji wa RSS. Vihesabu vingi vya wageni hutegemea JavaScript, msimbo unaoendeshwa ukurasa unapofunguliwa, na mlisho ni faili la XML tu, maandishi yaliyopangwa kwa ajili ya mashine, lisiloendesha msimbo huo. Fungua logi za seva, yaani kumbukumbu za maombi yanayofika kwenye tovuti, tafuta anwani ya mlisho wenu. Ombi moja pale laweza kuwa la huduma inayowasomea watu wengi kwa mpigo, na baadhi ya huduma hizo hutaja kabisa idadi ya waliojiunga. Kama mnaendesha tovuti kwa programu ya WordPress, mlisho unajitengeneza wenyewe. Sioni mtaokoa nini. Atakayeumia ni yule wa Mbagala mwenye bando la siku, anayepitia vichwa vya habari bila kupakua matangazo yenu yote. Huyo msomtupe.

Si Google walishaifunga RSS?

Hapana. Julai 1, 2013 walifunga Google Reader, programu ya kusomea tu. RSS 2.0, iliyotoka 2002, iko palepale.

Tuna podikasti ya Simba na Yanga, tunarekodia Temeke. Inatuhusu?

Sana. Apple Podcasts na programu nyingi za kusikilizia huvipata vipindi vyenu kupitia mlisho huo. Mkihamia kwingine, anwani ya zamani ielekezeni kwenye mpya kwa 301 (msimbo wa seva unaosema "imehama kabisa"), na msiiondoe haraka. La sivyo wasikilizaji hawatapata vipindi vipya, na hakuna atakayewaambia kwa nini.

Mlisho wetu wa Kiswahili, programu zinapanga habari ovyo.

Nenda kwenye pubDate, sehemu ya tarehe ya kuchapishwa. Nina hakika kubwa mmeandika "Jumatatu, 03 Machi 2025". Kanuni inataka "Mon, 03 Mar 2025 09:00:00 +0300", hiyo +0300 ikiwa saa za Dar es Salaam. Sehemu hiyo husomwa na mashine. Kiswahili chenu kibaki kwenye kichwa na muhtasari. Na kama mna safu ya "Siasa & Uchumi", alama hiyo ya & iandikwe & ndani ya XML, maana ikiachwa & peke yake mlisho mzima unaweza kugoma.

Tuna RSS na Atom pia. Tubaki na zote?

Hapo nakubali kupunguza. Atom, aina nyingine ya mlisho ya mwaka 2005, imenyooka zaidi, lakini programu nyingi husoma zote mbili. Bakini na ule wenye wasomaji wengi kwenye logi, na anwani ya ule mwingine ielekezeni huko.