Bastola kiunoni Milwaukee, polisi wakikusimamisha
Ndugu, umeuliza kama polisi wa jiji wanaweza kukukataza kubeba bastola waziwazi ilhali jimbo la Wisconsin linaruhusu. Katazo lao wenyewe halisimami: kifungu 66.0409 cha sheria za Wisconsin kinazuia miji kuweka masharti makali kuliko ya jimbo. Lakini mwaka 2009, Mwanasheria Mkuu wa jimbo alipoeleza kuwa kubeba waziwazi peke yake si kufanya fujo, mkuu wa polisi wa Milwaukee alisema askari wake watakulaza chini kwanza, haki yako baadaye. Basi ukisimamishwa, mikono ionekane, usiiguse bastola hata kwa kuonyesha, uliza kama uko huru kuondoka. Ubishi ni wa mahakamani.

Wengi hunaswa garini: bila leseni ya kubeba silaha iliyofichwa, bastola kwenye droo ya dashibodi ni silaha iliyofichwa. Futi 1,000 kutoka shule nazo ziepuke. Uko Marekani kwa viza? Muone wakili kabla hata ya kuinunua.